Nyanya zikipanda bei, usiondoe mboga mezani

Umefika soko la Karatina ukiwa na pesa zile zile ulizokuja nazo wiki mbili zilizopita. Fungu la nyanya lililokuwa na nyanya nane sasa lina nne, tena ndogo, na moja imeanza kulainika upande mmoja. Unamuuliza anayeuza, "Mama, mbona leo fungu limekuwa dogo hivi?" Naye anakujibu huku akipanga bidhaa zake, "Ni mvua, kastama. Hata mimi kreti nimeinunua ghali." Unasimama kidogo, unapiga hesabu, halafu unaondoka na nyanya mbili na kitunguu kimoja. Jioni hiyo watoto wanakula ugali kwa mchuzi mwepesi, na kesho yake githeri tupu.

Huenda mambo haya yamekupata wewe pia. Katika nyumba nyingi za mijini, kuanzia Nyeri hadi Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, bei zikipanda kitu cha kwanza kupunguzwa si sukari wala mafuta ya kupikia. Ni mboga na matunda. Wengi wetu huona mboga kuwa ni ya kusindikiza ugali tu, na matunda kuwa ni anasa ya wageni na wagonjwa hospitalini.

Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu sisi tunaoishi karibu na Mlima Kenya tumebahatika kuliko watu wengi wa nchi hii. Hakuna mwezi hata mmoja ambapo masoko yetu hukosa mboga nzuri au tunda zuri la bei nafuu. Tatizo ni kwamba tunataka kula kitu kile kile mwaka mzima. Tukikikosa, au tukikipata kwa bei ghali, tunaacha vyote. Katika makala haya tutaona jinsi misimu inavyokwenda, kwa nini bei hupanda na kushuka, na namna unavyoweza kuchagua vitu vizuri ili afya ya jamii yako isitegemee bei ya nyanya.

Mwili unahitaji kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, bila kuhesabu viazi, mihogo na vyakula vingine vya wanga. Kiasi hicho ni kama mafungu matano ya gramu 80. Kwa lugha ya nyumbani, ukila mboga za majani za kutosha mchana na jioni, na matunda mawili kwa siku, umefika au umekaribia sana.

Je, sisi tunafika? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uligundua kwamba watu wazima 94 kati ya kila 100 hawali mafungu hayo matano kwa siku. Kwa hivyo hili si tatizo la maskini peke yao. Hata mwenye gari na jokofu mara nyingi ni mmoja wa hao 94.

Mboga za kijani kibichi zilizokoza rangi hutupatia madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu, foleti ambayo mama mjamzito anaihitaji ili mtoto aumbike vizuri, na vitamini A inayolinda macho na kinga ya mwili. Matunda kama mapera, machungwa na mapapai hutupatia vitamini C. Nyuzinyuzi zilizomo katika mboga na matunda husaidia choo kisiwe kigumu, hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu na husaidia kushusha mafuta mabaya ya damu. Mtoto anayekosa vitu hivi kwa miezi kadhaa huenda asionekane mgonjwa. Lakini atakuwa mchovu, atashikwa na mafua kila mara, na darasani atasinzia.

Mlima mmoja, misimu mingi

Ili uelewe bei za sokoni, anza kwa kuutazama mlima. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, na miji iliyouzunguka iko katika viwango mbalimbali vya juu na chini. Mji wa Nyeri uko kwenye baridi, kama mita 1,750 hivi juu ya bahari. Ukishuka hadi Mwea unafika mahali penye joto, chini kabisa kuliko Nyeri. Upande wa kusini na mashariki, yaani Kirinyaga, Embu na Meru, hupata mvua nyingi. Upande wa magharibi na kaskazini-magharibi, kule Kieni, Naro Moru na Nanyuki, mvua ni chache na wakulima wengi hutegemea maji ya mito inayotoka mlimani.

Kwa sababu hiyo, siku moja na wakati mmoja mkulima wa Kieni anaweza kuwa anavuna kabichi na vitunguu kwa kunyunyizia maji, wa Mwea anavuna nyanya, wa Imenti anakata ndizi, naye wa Mbeere anangoja maembe yake yakomae. Malori na pikapu huvileta vitu hivi vyote katika masoko kama Karatina, Kagio na Gakoromone mjini Meru, na vingine huteremshwa hadi Nairobi katika soko la Wakulima, ambalo wengi hulijua kwa jina la Marikiti.

Mvua zetu ni mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni ya masika, ambayo wenyeji wa Nyeri huiita mvua ya njahi, nayo hunyesha kuanzia kama katikati ya Machi hadi Mei. Ya pili ni ya vuli, ambayo ni mvua ya mwere, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Katikati yake kuna baridi na ukungu wa Juni hadi Agosti, uitwao gathano. Halafu kuna jua kali la Januari na Februari. Ukiyakumbuka majira haya manne, umeshapata nusu ya kalenda ya soko.

Kalenda ya soko

Januari na Februari: Huu ni wakati wa maembe kutoka sehemu za chini za Embu, Tharaka na Ukambani. Plamu za sehemu za baridi nazo hupatikana. Nyanya huwa nzuri kwa wenye maji ya kunyunyizia, kwa kuwa jua hupunguza magonjwa ya ukungu shambani. Viazi vilivyopandwa wakati wa mvua ya mwere huvunwa. Kinachopanda bei ni mboga za majani. Kadiri jua linavyozidi na mito inavyopungua, sukuma wiki huwa ngumu, chungu kidogo na ghali, na hali huwa mbaya zaidi mwezi wa Machi kabla ya mvua kushika.

Machi hadi Mei: Mvua ikishanyesha wiki chache, mboga za majani huwa tele. Sukuma wiki, spinachi, terere, managu na majani ya maboga hushuka bei. Maparachichi yaliyokomaa huanza kuingia sokoni kwa wingi. Lakini nyanya na vitunguu hupata taabu. Nyanya hushambuliwa na ukungu unaoozesha majani na matunda, nacho kitunguu kinahitaji jua ili kikauke shingo kabla ya kuhifadhiwa. Barabara za mashambani nazo hugeuka matope, na lori likikwama, gharama ya kukwama kwake hulipwa na wewe mnunuzi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalitukumbusha jinsi mvua inavyoweza kukata barabara kati ya shamba na soko.

Juni hadi Agosti: Baridi huchelewesha mimea kukua. Usiku, katika sehemu za juu za Kieni na karibu na misitu, jalidi huweza kuchoma viazi na mboga laini. Nyanya nyingi unazoziona wakati huu zimetoka sehemu za joto au kwenye vibanda vya plastiki. Hata hivyo maparachichi ni mengi, minji na karoti zipo, kabichi hustahimili baridi, na viazi vipya huanza kuvunwa Julai. Machungwa nayo huja, mengi yakiwa yametoka Tanzania.

Septemba hadi Desemba: Septemba ni kavu, na mboga za majani hupanda tena kidogo mpaka mvua ya mwere ifike. Kuanzia Novemba mboga za kienyeji huchipuka upya, na kufikia Desemba maembe na plamu huanza kuonekana. Maparachichi mazuri huwa machache wakati huu, na hapo ndipo unapopaswa kuwa mwangalifu, kama tutakavyoona.

Mwaka mzima: Ndizi za Meru na Kirinyaga, na mapapai ya sehemu za joto, hazina msimu mkali. Tunda lolote linapokuwa ghali, hizi ndizo akiba yako.

Usimwache nyanya akupangie

Sasa turudi kwenye lile fungu dogo la nyanya. Katika mapishi yetu ya mjini, nyanya imefanywa kuwa mlango wa kila mboga. Mama akikosa nyanya huona hawezi kupika sukuma wiki, na kwa hivyo hainunui, hata kama siku hiyo sukuma wiki ni rahisi na inameremeta kwa ubichi. Hivyo bei ya kitu kimoja inafuta chakula chote.

Lakini nyanya ni nini hasa? Katika kila gramu 100 za nyanya mbichi, kama gramu 94 ni maji. Ina vitamini C na ile rangi nyekundu yenye faida, lakini haiwezi kulingana na mboga ya majani kwa madini ya chuma, chokaa na vitamini A. Ukikosa nyanya umekosa ladha na rangi. Ukikosa sukuma wiki, terere au managu, umekosa chakula.

Mababu zetu hawakungoja nyanya. Managu hupikwa kwa maziwa au malai na kupoteza uchungu wake. Terere hukaangwa kwa kitunguu tu. Majani ya maboga, kahurura na thabai husagwa ndani ya mukimo. Thabai huwasha mkononi, lakini ikishachemshwa huacha kuwasha kabisa, nayo ina madini ya chuma na chokaa kwa wingi. Njugu karanga zilizosagwa huweza kuchukua mahali pa nyanya katika mboga yoyote ya majani, tena huongeza protini.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nyanya ya ghali ya mwezi wa Mei ni msala unaopita. Terere inayouzwa rahisi kando yake ndiyo mbacha wako.

Soma bei kama unavyosoma hali ya hewa

Bei ya chini ghafla mara nyingi ina maana kwamba mavuno yamefika kwa pamoja. Hapo ubora pia huwa juu, kwa sababu kitu kimetoka shambani jana au leo asubuhi, na hakikukaa njiani. Basi msimu unakupa faida mbili, pesa kidogo na virutubishi vingi. Sukuma wiki huanza kupoteza vitamini C tangu inapochumwa, na ile iliyokaa siku tatu juani si sawa na ya leo hata kama bei ni moja.

Bei ya juu nayo ina sababu nyingi. Kuna mvua nyingi au kiangazi. Kuna wadudu, kama yule nondo mdogo aitwaye Tuta absoluta aliyeingia Kenya mwaka 2014 na ambaye viwavi wake hutoboa majani na nyanya zenyewe. Kuna kutegemea jirani pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitunguu tunavyokula hutoka Tanzania, na mavuno yakiwa mabaya huko, bei hupanda hapa, kama ilivyokuwa mwaka 2023.

Viazi vina hadithi yao. Aina ya Shangi, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi, huiva haraka jikoni lakini huchipuka upesi baada ya kuvunwa. Mkulima hawezi kuiweka muda mrefu, hivyo wote huuza kwa wakati mmoja na bei huanguka, kisha baada ya miezi michache viazi huadimika. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha gunia la viazi ili kukomesha lumbesa. Wewe unayenunua kwa debe au kwa gorogoro usitazame bei tu, tazama pia ujazo. Tuseme fungu la shilingi 50 lilikuwa na viazi kumi na sasa lina saba vya ukubwa ule ule. Bei imepanda, ingawa mdomo wa mwuzaji bado unasema hamsini.

Dalili za kuangalia kabla ya kulipa

Nyanya: Chagua zilizo ngumu kiasi, zenye rangi iliyoenea, bila nyufa wala madoa meusi. Ukiona vumbi jeupe au la bluu juu ya ngozi, hayo huenda ni mabaki ya dawa ya ukungu. Wakati wa mvua wakulima hulazimika kunyunyiza mara nyingi, na kila dawa ina siku ambazo mkulima anapaswa kungoja kabla ya kuvuna. Si wote wanaongoja, hasa bei ikiwa nzuri. Zioshe kwa maji safi yanayotiririka huku ukizisugua kwa mkono. Kuosha hupunguza mabaki yaliyo juu, ingawa hakuondoi yale yaliyoingia ndani. Hii ni sababu nyingine ya kupunguza nyanya wakati wa mvua na kuzila zaidi wakati wa jua.

Maembe na ndizi: Kuna wafanyabiashara wanaoivisha matunda machanga kwa kabaidi, ile kemikali inayotumiwa na mafundi wa kuchomelea vyuma kutengeneza gesi. Kabaidi ya viwandani huweza kuwa na chembechembe za aseniki na fosforasi, ambazo ni sumu. Embe la namna hiyo mara nyingi huwa na rangi ya manjano iliyo sawa kila mahali, lakini halina harufu, na ndani ni gumu na lenye uchachu. Embe likionekana limeiva kabla ya msimu wake, lishuku. Nyumbani unaweza kuivisha matunda kwa njia salama. Yaweke pamoja na ndizi mbivu ndani ya mfuko wa karatasi au gunia safi kwa siku mbili tatu. Ndizi mbivu hutoa gesi ya asili inayoyaivisha.

Maparachichi: Parachichi lililochumwa changa haliivi hata ukilingoja mwezi mzima. Hunyauka, likawa kama mpira na kuwa chungu. Ndiyo sababu katika miaka ya hivi karibuni Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikisimamisha kwa muda uvunaji wa aina kuu za kuuzwa ng'ambo kila mwaka unapokaribia kwisha, mpaka mapya yakomae. Wewe pia fuata hekima hiyo. Kati ya Novemba na Januari, usishawishike na parachichi la bei rahisi ambalo ni jepesi mkononi na lenye ngozi inayong'aa kupita kiasi.

Viazi: Kiazi kilichokaa kwenye mwanga hugeuka kijani na kutengeneza sumu iitwayo solanini. Kuchemsha hakuiondoi. Ukiona kijani kidogo, kata sehemu hiyo kwa kina. Kikiwa kijani kila mahali au ni kichungu, kitupe. Nyumbani viweke gizani, mahali pakavu penye hewa.

Mboga za majani: Chukua zilizo nyororo na zisizo na manjano. Uliza zimetoka wapi. Mboga zilizomwagiliwa maji machafu ya mtaro kandokando ya miji huweza kubeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na zile zinazochumwa kando ya barabara kuu hupata moshi na vumbi la magari. Osha majani mazima kwanza, ndipo uyakatekate. Ukikata kabla ya kuosha, vitamini nyingi huenda na maji.

Usipoteze jikoni ulichonunua sokoni

Akina mama wengi, na siku hizi hata akina baba, hupika mboga mpaka igeuke rangi ya kahawia. Mboga za majani laini zinahitaji dakika chache tu. Zifunike, tumia maji kidogo, na maji hayo yaliwe pamoja na mboga. Usitie magadi. Ni kweli hulainisha na kuhifadhi rangi ya kijani, lakini huharibu baadhi ya vitamini.

Mafuta kidogo ni ya lazima, kwa kuwa vitamini A haifyonzwi na mwili bila mafuta. Kijiko kimoja cha mafuta au kipande cha parachichi kinatosha. Tena, kula tunda lenye vitamini C pamoja na mboga au maharagwe, kwa maana husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Pera ni bora hapa, kwani lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na katika msimu wake huuzwa rahisi au hupewa bure na jirani.

Na chai? Sisi tunaoishi katikati ya mashamba ya majani chai tunapenda kuiteremsha pamoja na chakula. Lakini chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Ingoje saa moja hivi baada ya kula, hasa kwa mama mjamzito na watoto.

Weka akiba wakati wa wingi

Watu wa umri mkubwa mjini Karatina huenda wakakumbuka kusimuliwa na wazazi wao kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga mjini humo, kilichowalisha wanajeshi. Wakulima wa Nyeri walipanda mboga kwa wingi kwa ajili yake, nacho kilifungwa baada ya vita. Kiwanda kilikwisha, lakini maarifa hayo unaweza kuyatumia kwako.

Sukuma wiki, terere na majani ya kunde vikiwa rahisi mwezi wa Mei au Desemba, nunua zaidi ya mahitaji ya siku. Osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili hivi, chuja, kisha utandaze juu ya kitambaa safi au wavu, kivulini penye upepo. Jua kali moja kwa moja huharibu vitamini A. Zikikauka kabisa na kuvunjika mkononi, ziweke katika chupa au mkebe mkavu wenye kifuniko. Mwezi wa Machi, mboga mbichi ikiwa ghali, utazilowesha na kuzipika. Vitamini C itakuwa imepungua sana, lakini madini ya chuma na chokaa yatakuwepo. Ongeza papai au chungwa, na chakula kitakuwa kamili.

Na kama una nafasi ya gunia moja tu nyuma ya nyumba, lijaze udongo na samadi, ulitoboe kando na upande sukuma wiki au spinachi. Maji yaliyooshea mboga yatalinywesha. Gunia hilo halitalisha jamii nzima, lakini litakuokoa katika zile wiki ngumu kabla ya mvua.

Kwa walio na magonjwa

Mwenye kisukari anaweza kula matunda, ila ale tunda zima badala ya maji ya matunda, na asile maembe matatu kwa mkupuo kwa sababu tu ni msimu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari wake kabla ya kula ndizi, maparachichi na viazi kwa wingi, kwa sababu vina potasiamu nyingi. Naye anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda za aina ya warfarin asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani anachokula. Bei ishuke au ipande, ale kiasi kilicho sawa kila wiki, na amjulishe daktari akitaka kukibadilisha.

Utakaporudi sokoni

Utakaporudi sokoni wiki hii na kulikuta fungu la nyanya limepungua, usiishie kuuliza kwa nini limekuwa dogo. Muulize mama anayeuza swali lingine: "Mama, leo ni nini kimeingia kwa wingi?" Yeye ameamka usiku, ameona malori yakiteremshwa, na anajua kilichotoka shambani alfajiri. Atakuonyesha rundo la terere, au maparachichi, au kabichi za Kieni. Nunua hicho, upike kwa kitunguu na mafuta kidogo, na uwakatie watoto ndizi. Nyanya zitarudi msimu wake ukifika.